Giaboksi Tuliyompa Sista

Sista hakumpa lifti mtu mwenye afya. Hilo lilijulikana kutoka Magunga hadi Homa Bay. Ungeweza kuwa chifu, ungeweza kuwa mchungaji, au ungeweza kuwa mimi, mwalimu aliyebeba madaftari ya darasa zima kichwani kwenye jua la saa saba. Yeye angepunguza mwendo, ashushe kioo, akutazame juu mpaka chini.

"Unaumwa?"

"Hapana, Sista."

"Basi Mungu alikupa miguu. Tembea."

Na vumbi lingekufunika. Nakiri nilimtukana mara nyingi nikiwa ndani ya vumbi lile, maana mimi nina mdomo, na mdomo wangu haukuanza jana. Lakini kama ungejibu kwamba una uchungu wa kuzaa, au mtoto wako ana degedege, mlango wa nyuma ungefunguliwa kabla hujamaliza sentensi.

Hakuwa sista wa kanisa. Alikuwa nesi, mkunga, na alipostaafu akarudi kuishi kando ya barabara yetu, cheo chake kilirudi naye. Tulikuwa majirani kwa miaka mingi na sikuwahi kusikia mtu akimwita kwa jina lingine. Hata wazee waliomzidi umri walisema Sista.

Gari alilinunua kwa kiinua mgongo chake. Wenzake walijenga nyumba za kupangisha. Yeye alinunua steshenwagoni ya mtumba ya Kijapani, rangi ya chai ya maziwa, na gari lenyewe lilikuwa otomatiki. Miaka ile kwetu otomatiki ilikuwa kitu cha kutazamwa. Watu walichungulia dirishani kuona gari lisilo na klachi. Walisema ni gari la wavivu. Yeye alitandika nailoni kwenye kiti cha nyuma, akaweka beseni, taulo mbili na mkoba wake wa kazi, na kazi aliyokuwa amestaafu ikaendelea. Hakumtoza mama yeyote hata senti. Lakini sokoni angebishana juu ya kopo moja la gorogoro la omena, dagaa wetu wa ziwani, mpaka muuzaji atamani kumpa bure aondoke.

Gari lenyewe lilikuwa zima. Injini haikumsumbua, matairi hayakumsumbua. Kilichomsumbua ni giaboksi, na ilianza kwa kosa la kwetu kabisa. Fundi wetu wa karibu, mtu aliyekuwa ametengeneza matrekta na mashine za kusaga maisha yake yote, alifungua giaboksi ile akakuta oili nyekundu, ambayo ndiyo oili ya otomatiki. Hakuwa ameona oili nyekundu tangu azaliwe. Akasema imeharibika, imeingia kutu, akaimwaga yote chini, akajaza oili ya injini, safi, mpya, ya bei. Alifanya hivyo kwa moyo mweupe na hakudai ujira. Wiki mbili baadaye gari likaanza kunguruma bila kwenda.

Likakokotwa na trekta kutoka bonde la Lambwe, magurudumu yote chini, likivutwa kwa mnyororo kwenye udongo mweusi. Hatukujua kwamba otomatiki haivutwi hivyo. Fundi wa Migori, ambaye ndiye pekee pande zetu aliyesemekana kuzijua giaboksi hizo, aliposikia habari ya trekta alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Yawa! Nyinyi mmechinja hii gari, halafu mmeniletea nyama!"

Tangu hapo ikawa safari ya kwenda na kurudi. Giaboksi ingetengenezwa, ikae miezi mitatu, ianze tena kuteleza. Ingebadilishwa na nyingine ya mtumba kutoka Kisumu, nayo ingekaa miezi minne. Kila ilipoteleza kulikuwa na harufu ya kuungua ambayo mpaka leo nikiisikia popote namkumbuka. Pensheni yake ilikwenda huko. Ng'ombe wawili walikwenda huko. Nilimwona mwaka mmoja akipita msimu wote wa baridi bila sweta, sweta lenyewe akiwa amelipenda sana dukani, na nilipomuuliza akaniambia, "Gari inavaa kwanza."

Kule gereji ya Migori kulikuwa na benchi chini ya mabati, na juu yake walikaa wenye magari. Niliwahi kumsindikiza nikawaona: mfanyabiashara wa samaki ambaye barafu yake ilikuwa ikiyeyuka barabarani, padri mmoja, mwenye duka wa Isebania. Walijuana kama wagonjwa wa wodi moja. Walisalimiana kwa kuulizana, "Yako ni ya mara ya ngapi?" Mwenye duka alisema gari lake limempeleka Migori mara nyingi kuliko mke wake alivyompeleka kanisani. Walicheka, lakini ungeona macho yao hayacheki. Mtu amenunua kitu kwa jasho la miaka thelathini, na kila mwezi anaambiwa na kijana mwenye spana kwamba bado kidogo tu, mama, bado kidogo tu, mzee.

Sista hakukaa kwenye benchi. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kushuka garini mbele ya mafundi. Alikaa nyuma ya usukani, mgongo umenyooka, na kutoa amri dirishani. Gari likiinuliwa kwa jeki, alibaki ndani. Likihitaji kulala huko, lilipelekwa bila yeye. Waliokuwa kwenye benchi waliona ni majivuno, na mimi pia niliona hivyo. Fundi alikuwa amemshauri mara nyingi.

"Sista, tutoe hii kitu. Tuweke manual, ya klachi. Spea ziko kila mahali, hata Rongo. Utasahau shida."

"Nataka hii."

"Lakini hii inakumaliza."

"Fundi, nimekuuliza habari ya kumalizwa? Funga boneti."

Alikuwa hivyo na wanaume: mkali, mfupi wa maneno, bila samahani. Siku moja mume wa mama aliyekuwa akijifungua alianza kulia garini, na Sista alisimamisha gari, akamteremsha, akamwambia alie vizuri huko nje kisha afuate kwa baiskeli. Lakini kwa mama mwenye uchungu alikuwa mtu mwingine. Sauti yake ilishuka. Alimwita nyathina, mwanangu, hata kama mama huyo alikuwa na wajukuu. Alimwambia kila kitu kabla hajakifanya: sasa nitakugusa hapa, sasa utasikia baridi, sasa tutapita shimo. Alikuwa na msemo wake, "Mtoto haulizi barabara ikoje," na aliusema kila mvua iliponyesha siku tatu mfululizo na sisi wengine tukasema leo hakuna atakayetoka.

Iko siku ya rivasi, ambayo kwetu bado inasimuliwa. Alikuwa na mama mmoja nyuma, mtoto ametanguliza miguu, na gari likagoma kwenda mbele. Alikanyaga mafuta, likanguruma tu. Akajaribu rivasi; ikakubali. Basi Sista akaligeuza gari kwa rivasi hiyohiyo, akapindua shingo, akaendesha kinyumenyume karibu maili mbili hadi kwenye zahanati ya misheni, akipita katikati ya soko. Watu waliangua kicheko. Walifikiri mzee wa watu amerukwa na akili. Kisha gari likawapita karibu na wakasikia sauti ya yule mama, na wanawake wa sokoni wakaacha biashara wakaanza kukimbia mbele yake kumwondolea mbuzi njiani. Mtoto alipona. Mama alipona. Sista hakuweza kugeuza shingo kwa wiki nzima na alikuja kanisani akitazama upande.

Na iko siku yangu. Kwetu mtoto aliyezaliwa njiani huitwa Oyoo akiwa mvulana, Ayoo akiwa msichana, na mtaa wetu ulikuwa na kina Ayoo watatu wa kiti kimoja cha nyuma. Mmoja ni wangu. Gia ilianza kuteleza tukipanda mlima, gari likasimama, na Sista hakusema neno juu ya gari. Alivuta breki ya mkono, akahamia nyuma kwa kupitia katikati ya viti, akijivuta kwa mikono, na kuniambia, "Hapa pazuri, pana upepo." Nilimwamini. Mpaka leo nikipita mlima ule naona ni pazuri.

Kwa nini aliingia nyuma kwa kujivuta, badala ya kufungua mlango na kuzunguka? Sikujiuliza. Nilikuwa na shughuli, mtaniwia radhi. Lakini hata baadaye sikujiuliza, na hapo ndipo lawama yangu inapoanzia. Sote tulijua Sista anachechemea. Mguu wake wa kushoto ulivunjika zamani akiwa kazini na haukuungwa vizuri. Hakupenda uzungumzwe, nasi hatukuuzungumza. Tulijua mguu kwa upande mmoja, tukajua gari kwa upande mwingine. Hakuna aliyeweka viwili hivyo pamoja. Wenye kumjua Sista hatukuwa tunaendesha. Aliyejua magari, yaani fundi wa Migori, alikuwa hajawahi kumwona akitembea hatua moja.

Mimi ni mtu wa kamati. Nikiona jambo limelala, siwezi kulala. Mwaka mmoja giaboksi ilikufa kabisa, na gari likakaa gereji Migori miezi miwili kwa sababu Sista hakuwa na kitu tena cha kuuza. Katikati ya hayo akapelekwa Kisumu na binamu yake kufanyiwa operesheni ya macho. Nikaona huu ndio wakati. Nikaita kina mama kanisani. Nikawaambia, mikono iliyotupokelea watoto imekaa mitupu, nasi tunatazama. Nikaitisha harambee.

Walitoa! Sijaona harambee kama ile. Wajane walileta kuku. Wavuvi wa Sindo walitoa samaki wa siku nzima. Mwanamume yule aliyeteremshwa garini akilia alileta mbuzi. Nilikwenda Migori mwenyewe, nikiwa nimefunga kitambaa changu kizuri, nikasimama mbele ya fundi kama mjumbe.

"Tumeleta. Tengeneza."

"Mwalimu," akaniambia, "kwa hizi naweza kuweka otomatiki ingine ya mtumba, na mtarudi hapa kabla ya Krismasi. Ama niweke manual mpya mpya, na hamtaniona tena. Chagueni."

"Yeye alikuwa anataka ile."

"Yeye ni mzee. Wazee hupenda walichozoea. Wewe ni mwalimu, ama sivyo?"

Ukutani mwa darasa langu nilikuwa nimeandika kwa chaki ya rangi, kwa mkono wangu, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Watoto waliisoma kila asubuhi kwa sauti. Nami nikasema, weka manual. Sikumpigia simu Kisumu, ingawa posta ilikuwa na simu na binamu alikuwa na namba. Nilitaka iwe ya ghafla. Nilitaka kuuona uso wake.

Niliuona. Aliporudi, macho yake yamepona, gari lilikuwa limesimama uani kwake, limeoshwa, lina maua kwenye boneti. Kina mama walipiga vigelegele. Fundi wa Migori alikuwa amelileta mwenyewe kwa fahari, naye alikuwa kando ya mlango akiushikilia wazi. Sista alitembea kuja kwake, polepole, akitupa ule mguu kwa pembeni kama kawaida yake, na nikamwona fundi akiutazama. Nikaona uso wa fundi ukibadilika, na sikuelewa bado.

Sista aliingia kwanza kwa makalio, akauinua mguu wa kushoto kwa mikono miwili, akauweka ndani. Akashika usukani. Kisha akatazama chini. Alitazama chini kwa muda mrefu, mpaka vigelegele vikaisha kimoja kimoja.

"Nani alitoa hili wazo?" akauliza.

"Ni Mwalimu!" wakajibu wote kwa furaha, wakinisukuma mbele. "Ni Mwalimu, Sista!"

Akanitazama. Sitasema macho yake yalikuwa na hasira. Ningepona kama yangekuwa na hasira.

"Ero kamano," akasema. Asanteni. "Ero kamano ahinya. Ingieni ndani, mtakunywa chai."

Fundi alinivuta kando nyuma ya jiko. "Mwalimu, huo mguu hauwezi klachi. Klachi ni ya mguu wa kushoto. Mbona hamkuniambia?" Nikamuuliza kama anaweza kuirudisha ile ya zamani. Alikuwa ameshaikata na kuiuza chuma chakavu. Ndani, Sista alikuwa akiwapakulia wageni wali. Alichinja kuku watatu siku ile kutushukuru. Nilikula. Nilikaa mezani kwake nikala, kwa sababu sikujua namna ya kutokula.

Hakutuambia kamwe. Wengi wa waliochanga walikaa muda mrefu wakidhani Sista amechoka kuendesha kwa sababu ya umri. Alimpa ufunguo mpwa wake wa Mbita, mvuvi, naye alikuja Jumapili kwa Jumapili kuipasha moto injini ya gari na kumpeleka kanisani. Mama akishikwa na uchungu Jumatano, gari lilikuwa hapo na dereva alikuwa ziwani. Kwa mwaka mmoja watu waliendelea kuingia kwenye lango lake na kutoka mikono mitupu. Kisha wakaacha kuingia. Na giaboksi ile haikuharibika tena. Fundi alisema kweli, hatukurudi Migori hata mara moja.

Mimi nilirudi Migori kwa njia nyingine: nilihamishiwa shule ya huko, na nitakuwa mwongo nikisema sikufurahi kupata umbali. Miaka miwili ilipita kabla sijaenda kumwona. Nilimkuta barazani akichambua omena, amekonda, gari liko nyuma yake chini ya mabati, safi. Tuliulizana habari za watoto. Kisha nikasema nilichokuwa nimekibeba.

"Sista, nisamehe kwa ile klachi."

Aliendelea kuchambua. "Mlichanga. Wajane walileta kuku. Ningewaambia nini?"

"Ungetuambia ukweli. Tungechanga tena."

"Kwa nini nilikuwa nakaa ndani ya gari kule gereji? Kwa sababu pale ndani sikuwa kiwete, Mwalimu. Nilikuwa dereva. Sasa nisimame mbele ya watu wote walionifurahia, niwaambie mimi ni kiwete?" Akapuliza magamba. "Mimi sikusema. Hiyo ni yangu. Nyinyi hamkuuliza. Hiyo ni yenu. Kunywa chai."

Aliisikia kabla yangu. Aliinua kichwa, na ndipo nami nikasikia: baiskeli, na sauti ya mwanamke anayejizuia asilie. Mwendesha baiskeli alikuwa akikazana, mama amekaa kwenye kiti cha nyuma amefungwa kwa leso kwenye mgongo wa kijana huyo, na mwanamke mzee akikimbia kando. Walipita langoni bila kugeuza shingo.

"Huyo hafiki Homa Bay," Sista akasema. "Huyo hata Lambwe hafiki."

Alikuwa ameshasimama. Aliuchukua mkoba wake nyuma ya mlango, akashuka ngazi, akatoka barabarani akiita. Sauti yake haikuwa ile ya zamani. Nilimfuata. Alitembea kwa kasi ambayo sikuijua kwake, mguu ule ukichora mstari kwenye vumbi, mpaka kwenye ua wa minyaa wa jirani, na hapo akasimama, akashika ua, pumzi zimemwishia. Akanisukumia mkoba kifuani.

"Kimbia wewe. Waambie wasimame. Waambie Sista anakuja."

Nikavua viatu nikakimbia, mwanamke mzima, mwalimu. Niliwafikia kwenye kilima, kijana ameshuka anaisukuma baiskeli. Mama alikuwa amefumba macho. Nikawaambia Sista yuko nyuma, wamshushe hapa kwenye nyasi, wangoje kidogo tu.

Mwanamke mzee, mama mkwe, alitazama barabara nyuma yangu. Ilikuwa tupu mpaka kwenye kona.

"Ako na gari?"

"Hapana. Anakuja kwa miguu."

"Anakuja kutoka wapi?"

"Pale kwenye ua."

Akatazama tena barabara, akamtazama mkaza mwanawe. Nilimwona akipima. "Mwambie ero kamano," akasema. "Hatuwezi kumngoja." Wakaendelea kupanda. Nilisimama na mkoba mpaka wakapotea upande wa pili, kisha nikarudi.

Sista alikuwa amejaribu. Alikuwa ameuacha ua hatua kama ishirini hivi, na sasa alikuwa amesimama katikati ya barabara, akinisubiri.

"Wamesemaje?"

Nilitaka kudanganya. Nina mdomo, lakini siku ile haukunisaidia.

"Wameuliza kama una gari."

"Ukawaambia nini?"

"Nikawaambia huna."

Alinyoosha mkono akauchukua mkoba wake, akaufuta vumbi kwa kanga. "Umewaambia kweli," akasema. Kisha akanishika bega, akaniegemea, na tukaanza kurudi nyumbani, taratibu, kwa mwendo wake.